Sukari ya Hospitali

Kwa msomaji asiyeijua Likasi, lazima nianze na neno moja: mutumbula. Kwetu Katanga huyo ndiye mnyonya damu. Hana meno marefu wala hatoki kaburini. Ni mtu wa kawaida, mwenye kazi yake, mwenye mpira wa kunyonyea. Akikukamata, watu walisema, hakuui papo hapo. Anakufungia shimoni, anakulisha sukari mpaka unakuwa nguruwe, ndipo anakuuza kwa wazungu. Usicheke haraka. Mimi nililelewa na hofu hiyo, kisha nikaolewa na mwanamume aliyelipwa mshahara kwa kutoa watu damu.

Mume wangu alifanya kazi maabara ya hospitali, mtaa wa Panda. Aliyetoa damu alipewa chai na pakiti ya sukari ili nguvu zimrudie. Nadhani umeshaona tatizo. Wengi waliiacha ile sukari mezani wakaondoka mbio, naye akawa anaileta nyumbani isiharibike. Miaka ile sukari ilikuwa imepotea hata kwenye posho ya kampuni ya migodi, wenye kambi tuliyokaa. Niliona haya kuwa nayo wakati wenzangu hawana, nikaifungia sandukuni, na chai tukawa tunakunywa mlango umefungwa. Sisimizi ndio walionifichua. Mstari wao ulitoka bombani, pale wanawake walipochota maji, ukapita chini ya mlango wangu.

"Mama Sukari amefika!" waliniita asubuhi moja. "Sasa muko munanenepesha nani?"

Nilicheka pamoja nao. Nilicheka, na huku waliyemcheka alikuwa mume wangu.

Kisha jirani yetu wa ukuta mmoja, fundi wa kiwandani, alipondwa mguu na chuma. Damu ilimtoka sana, na chupa za damu hospitalini zilikuwa zimekwisha. Mume wangu alikuja mbio mchana kweupe, koti jeupe mwilini, akapiga hodi nyumba kwa nyumba. Milango ilifungwa. Mke wa yule fundi alisimama kizingitini na shemeji yake, mdogo wa majeruhi.

"Sitwayeni, haukushiba bado?" mwanamke alimwuliza, akimwita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyotuagiza miaka ile. "Kambi muzima ulishakunywa."

"Mama, bwana yako anakufa. Damu ya kumupa minye sina. Ninyi njo muko nayo," alisema, na njo kwetu ni ndio.

"Kwenda kule! Nilishe bwana yangu sukari, weye umuuze? Umulishe bibi yako!"

Mume wangu alinitazama pale nilipokuwa mlangoni kwangu. Uso uliniwaka. Mpira ule ulikuwa wake, lakini mlango uliofungwa kuficha sukari ulikuwa wangu.

Nikaingia ndani, nikaitoa sukari yote, nikaiweka katika beseni, nikamshika jirani yangu mkono.

"Twende. Utaangalia na macho yako. Nikigeuka nguruwe, weye njo utakuwa shahidi."

Shemeji yake alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichowavuta wote wawili mpaka hospitali.

Mume wangu alipima tone la damu yangu, akasema inafaa. Nikalala kitandani. Niseme kweli: mpira ulipogusa mkono wangu nilifumba macho kama mtoto, na yeye aliona. Alikuwa mume wangu, nami nilimwogopa.

Baadaye nililetewa chai. Nikatia sukari, nikakoroga, nikanywa. Jirani yangu alinikazia macho shingoni, kana kwamba angeiona ikinenepa. Mwishowe akachovya kidole katika beseni, akalamba.

"Njo sukari tu," alisema. Akalamba tena. "Na weye ulikuwa unatufungia."

Nilimsogezea beseni. Shemeji yake alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

"Minye nitatoa. Lakini chai yangu, sukari mingi!"

Yule fundi alipoteza mguu, akabaki hai. Jioni hiyo nilifungua mlango wangu, nikachemsha chai katika sufuria ya sherehe, na wanawake wa bombani wakaja na vikombe vyao. Walisifu chai. Walinipa pole ya mkono. Hakuna aliyemwomba mume wangu msamaha, naye alikuwa ameketi pale pale kizingitini, koti lake limekunjwa magotini. Nilimpa kikombe chake baada ya wageni wote, nikiangalia chai, si yeye.