Dada Chapa Aomba Kusomea Sheria

Kwa miaka kumi na minne Dada Chapa alikuwa amekaa kwenye meza ile ile, mgongo kwa dirisha, mbele ya mlango wa Wakili. Jina hilo alipewa na makarani wa mahakama kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kompyuta. Waliloliona wao ni vidole. Hawakuona kwamba Wakili alikuwa akimtupia jalada na kumwambia, "Wajibu hawa watu," kisha akatoka zake. Na kwamba majibu yale, pamoja na vifungu na hoja zake zote, yalitoka kichwani mwa mwanamke aliyeishia kidato cha sita.

Mwaka huo chuo kilitangaza masomo ya sheria ya jioni kwa watu walio kazini. Nafasi zilikuwa arobaini. Mwaka uliotangulia waombaji walipita mia tisa. Dada Chapa akajaza fomu wakati wa mapumziko ya mchana, siku tatu mfululizo, kwanza kwa penseli. Kilichobaki ni kimoja tu: barua ya mwajiri kueleza uwezo wa mwombaji wa kuandika na kuchambua.

Wakili hakukataa. Aliegemea kiti, akaanza kuchokoa meno kwa njiti, akasema, "Haya, chapa. Mleta barua hii ni mtiifu, msafi, hachelewi kazini na hana maneno mengi. Weka nukta."

Vidole vikasimama. "Na uchambuzi, bosi? Fomu inauliza uchambuzi."

"Uchambuzi upi? Umeshachambua nini wewe zaidi ya mchele?" Akacheka peke yake.

"Ile rufaa ya mama mjane aliyenyang'anywa karakana, aliiandika nani?"

"Uliichapa."

"Niliiandika, bosi. Zilibaki siku mbili muda upite. Nilikufuata hadi kwenye harusi, ukatia sahihi umesimama, hata hukuisoma. Na tukashinda."

Wakili akatupa njiti kapuni. "Dada, usijisahau. Mimi nina elimu, wewe una mbio za vidole. Unaitaka barua au huitaki?"

Aliitaka. Hapo ndipo palipomuuma: aichape kwa mikono yake mwenyewe sentensi ile, aipange vizuri chini ya nembo ya ofisi, ampelekee aigonge mhuri, halafu aseme asante. Akasema asante. Akaibeba barua hadi nyumbani.

Mumewe, fundi friji, aliisoma barua akijifuta mikono kwenye suruali. "Hii ni ya kumwombea mtu kazi za ndani," alisema. "Kesho naenda kumwona huyo jamaa."

"Uende ukamfanye nini, baba watoto? Umtie gesi?"

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mumewe akauliza kwa nini asiambatishe zile rasimu za majibu ya kesi zilizojaa mwandiko wake.

"Siwezi. Mle mna siri za watu." Akaifunga bahasha hivyo hivyo.

Wiki sita baadaye aliitwa kwenye usaili. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti wao, jaji mstaafu, mama wa miwani minene, aliishika barua kwa ncha za vidole.

"Mwajiri wako anasema huna maneno mengi. Sasa mtu asiye na maneno anataka sheria ya nini?"

Hasira aliyokuwa ameibeba muda wote ule ikamfungua mdomo. "Ninayo, mheshimiwa. Yako mahakamani, ya miaka kumi na minne, na chini yake kuna sahihi ya mwajiri wangu."

Wote wakamtazama. "Una ushahidi?"

"Ninao, lakini ni mali ya wateja, siwezi kuutoa. Nipeni jambo lolote niliandike hapa hapa mbele yenu."

Wakampa kisa cha mpangaji aliyefukuzwa kabla notisi haijaisha, na nusu saa ya kukitolea hoja. Alimaliza kwa dakika ishirini. Jaji aliyasoma majibu mara mbili, akanong'onezana na wenzake, akasema tu, "Utajulishwa, mwanangu."

Nafasi akaipata. Wakili aliposikia kwamba masomo yanaanza saa kumi na mbili jioni, hakutoa hata hongera ya kinafiki. "Na kazi zangu za jioni atachapa nani?"

"Kazi inaisha saa kumi na moja, bosi. Ndivyo mkataba unavyosema."

Siku ya kwanza ya masomo, dakika tano kabla ya saa kumi na moja, Wakili akabwaga jalada nene mezani kwake. "Hili liwe tayari kesho asubuhi." Dada Chapa alilijua, lilikuwa limelala ofisini kwa Wakili wiki nzima. Akazima kompyuta, akachukua mkoba. Wakili akamfuata hadi kwenye ngazi, jalada kwapani, akipayuka kwamba kuna watu hawana shukrani, na wateja waliokaa kwenye benchi wakisikia kila neno. Hakugeuka, ingawa machozi ya ghadhabu yalikuwa yanamlenga.

Darasani alipata kiti safu ya pili, kati ya muuguzi na askari wa zimamoto. Mwalimu alipoanza kusema, aliikandamiza kalamu kwa hasira ya kule kwenye ngazi, na mstari wa kwanza ukaenda upande. Akauacha hivyo hivyo, akaandika wa pili.