Kupiga Pembe kwa Saa ya Maskati

Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya Tononoka, na kila mwaka kuna somo moja ninalolingojea kama mtoto anavyongojea Idi. Ni somo la neno biti, yaani beat la Kiingereza. Naliandika ubaoni, nawaachia wanafunzi waseme wanavyolijua, na wote huanza na muziki wa kwenye simu zao. Hapo nawafungulia ghala. Kwa Kiingereza neno lilo hilo ni kazi ya moyo kifuani, ni kuvuruga mayai bakulini, ni kumfunga mtu mpirani, ni kukung'uta zulia, ni mtaa anaouzunguka askari wa doria. Na kwa upande wa muziki, naendelea kwa madaha, Kiswahili chetu hakikupungukiwa: kuna mdundo, kuna mapigo, kuna mwendo, kuna mahadhi, na washairi wana mizani yao. Wanafunzi huandika. Mimi hujiona profesa.

Hawajui kwamba mwalimu wao hawezi kupiga makofi mawili yakafuatana.

Aibu hii ingebaki siri yangu kama si vugo. Vugo ni pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti, na kwetu Mji wa Kale arusi haijawa arusi mpaka akina mama wazunguke vichochoroni wakiigonga na kuimba. Pembe ya mama yangu ilikuwa ya mamake, na kanuni ya nyumba yetu ni moja: inapigwa na binti mkubwa. Mwaka jana kifundo cha mkono wa mama kilivimba, daktari akamkataza kushika hata mwiko, na mwezi uo huo mdogo wangu akaposwa. Binti mkubwa ni mimi. Nikishindwa, pembe ingeshikwa na jirani wa mlango wa pili, mwanamke hodari ninayempenda siku zote, isipokuwa siku hizo.

Nikaanza kwa njia ninayoijua. Nilimwendea mama na daftari, nikamsomea maneno yangu yote, tangu mdundo hadi mahadhi, na tofauti ya kila moja. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hayo ni majina, mwanangu," akasema. "Mimi nataka mkono."

Mkono haukuja. Siku ya kwanza nilipoigonga pembe, mdogo wangu alitoka chumbani mbio akidhani kuna mtu anabisha hodi kwa hasira. Siku ya tatu paka alihama. Mwalimu mwenzangu wa muziki, mtu wa bara anayeongoza kwaya kanisani kwao, akanionea huruma. Aliniwekea simuni programu inayogonga tik, tik, tik, akaniambia nisifikiri kitu, niifuate tu. Wallahi ikawa dawa. Nikitia kile kidude cha kusikilizia sikioni, mkono wangu unatulia kama wa mtu mwingine. Kilichobaki kilikuwa kukificha, na mtandio ni wa nini? Mama alinisikia nikipiga, akasema alhamdulillahi, machozi yakamtoka. Sikumwambia. Nilijiambia ni dhambi ndogo.

Siku ya arusi tulitoka baada ya swala ya alasiri. Tulikuwa akina mama thelathini hivi, leso zimetiwa udi, asumini vichwani, na mimi mbele na pembe ya nyumba. Mama alikuwa nyuma yangu, mkono wake umefungwa bandeji. Tik, tik, nami nagonga, nao wanaitikia, na kuta zinaturudishia sauti zetu. Tulipoingia Ndia Kuu wauza vinyago walitoka madukani kutuangalia. Nilikuwa nimelewa kwa furaha, mimi ambaye sijapata kuonja kikali kuliko chai ya tangawizi. Nilicheka peke yangu. Nilitamani wanafunzi wangu wote wanione.

Hapa inanibidi nimtaje mume wangu. Anafanya kazi Maskati, na simu yangu nimeitegea iadhini kwa saa za swala za kule, nisije nikampigia akiwa msikitini. Na kule jua hutangulia kuzama.

Basi tik zikakatika, na mwadhini wa magharibi akaninadia sikioni, sauti tamu kabisa. Mkono wangu ulisimama wenyewe. Hakuna mtu wa mtaa wetu anayepiga ngoma adhana ikitoka. Na wale akina mama, kuona pembe ya mbele imenyamaza, wakanyamaza pia. Walinyamazishana, wakavuta leso juu ya vichwa. Muuza vinyago mmoja alizima redio yake. Jua lilikuwa bado linawaka kwenye madirisha ya juu, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba masikio yake yameanza kuzeeka, kwa hiyo wote thelathini wakawa wanaiitikia polepole adhana wasiyoisikia.

Adhana yangu ilikwisha. Yao haikuwa na mwisho.

"Jamani," jirani yetu akauliza hatimaye, "adhana hiyo i wapi?"

Nilikitoa kile kidude sikioni nikamwonyesha mama. "Iko Maskati," nikasema.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, na mimi mwenyewe nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Kisha nikaona aibu, aibu kweli. Jirani alikuwa ameshanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya. Bibi arusi alikuwa akitungoja. "Lete, nikusaidie," akasema, na mimi nikaanza kumpa.

Mama alikuja karibu, akaniwekea ule mkono wa bandeji mgongoni, kati ya mabega, akaanza kunipigapiga. Niliujua ule mwendo kabla sijaufikiria. Ni vile alivyokuwa akinilaza nilipokuwa mdogo, na miaka yote hiyo sikujua kwamba alikuwa akinilaza kwa vugo.

"Usiwate," akaniambia, yaani nisiiache pembe.

Nikagonga. Mara ya kwanza nilichelewa, na mara ya pili pia. Ya tatu iliangukia pale pale palipoangukia mkono wake, akina mama wakaidaka, na Ndia Kuu ikaanza tena. Kila alivyonigusa niliisikia bandeji ikinikwaruza, nikajua kwamba inamuuma, nikamwambia basi mama, yatosha. Alijifanya hakusikia. Tulikwenda hivyo, mimi nikilia na kucheka, hadi mlangoni kwetu, ambako mdogo wangu alikuwa akituchungulia dirishani.

Hapo nikasimama. Mkono wa mama uliendelea kidogo mgongoni mwangu.