Mpira wa Mfuniko wa Tangi

Naikumbuka, mwanangu, siku niliyosimama kando ya barabara karibu na Mbaruk, buibui langu limejaa vumbi jeupe la Kariandusi, nikaapa kwamba pikapu ya mume wangu haiuzwi. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana bado, mama wa watoto watatu, na eda nilikuwa nimeitoka juzi tu.

Mume wangu Salimu, Mungu amrehemu, alikuwa akibeba magunia ya ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi, akiyaleta Nakuru mjini. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, aliinunua kwa mkulima Mzungu aliyekuwa akirejea kwao. Mshale wa petroli ulikufa zamani. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani, unafungua tangi na kutumbukiza kijiti. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuendesha, na watu wa mtaa wetu wa Bondeni walisema weee mpaka wakachoka.

Baada ya eda nikashika usukani, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Gari linatoka vizuri, linakwenda, kisha katikati ya njia linakohoa na kuzimika. Nashuka, nafungua tangi, natumbukiza kijiti, petroli ipo. Nafunga, nalipumzisha kidogo, napiga stata, linawaka. Mbele hadithi ni ile ile. Nililipeleka kwa Mohinder, fundi wetu Singasinga, akafungua kabureta, akapuliza mabomba, akaliwasha uani kwake likanguruma bila kasoro.

"Mama, hii gari haina ugonjwa," akaniambia. "Labda iko na huzuni."

Alikuwa akitania, lakini mtaani utani ukageuka ukweli. Wengine walisema gari linamlilia mwenyewe, wengine kwamba linamkataa mwanamke. Shemeji yangu Hamisi, mdogo wa marehemu, akayadaka maneno hayo kwa mikono miwili, maana alikwisha pata mnunuzi.

"Shemeji, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini mzigo wa leo usipofika mjini kabla ya alasiri, kesho gari linaondoka."

Nami nilijua kwamba gari likiondoka, mimi na wanangu tunakula kwa hisani ya watu. Hisani ina mwisho, mwanangu, lakini masimango hayana.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, akasema atapanda nami awe shahidi. Alikuwa mama wa maneno machache, na unajua wasemavyo, kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakati wa kwenda gari lilizimika mara moja tu. Tukafika Kariandusi, tukapakia, tukageuka. Karibu na Mbaruk likakohoa tena, likafa. Adhuhuri ilikwisha pita. Nikalipiga gurudumu teke, nikaangua kilio.

"Salimu, mbona gari lako limenikataa?"

Bi Zuhura alinikazia macho. "Nyamaza! Maiti anaulizwa mambo ya gari? Kwa mwanangu lilikuwa zima, kwako limekuwa gonjwa. Hapo katikati kimebadilika nini? Uliza hilo, ndipo ulie."

Maneno yale yaliniuma, lakini yalinizindua. Penye nia pana njia. Nikajifuta machozi, nikaapa kwamba pikapu haiuzwi, nikafikiri. Kila gari lilipozimika nilikuwa nafanya mambo mawili pamoja, nafungua tangi na kulipumzisha. Ni lipi kati ya hayo lililokuwa likiliponya? Safari hii nikaketi, nikalipumzisha tu, tangi sikuligusa. Nikapiga stata. Wapi! Nikasubiri mpaka boneti likapoa, nikapiga tena. Wapi! Hapo nikaenda ubavuni nikazungusha mfuniko, na hewa ikaingia kwa kishindo, fyuuu, kama mtu aliyebanwa pumzi. Bi Zuhura aliusikia mlio ule kutoka alipoketi. Nikarudi kwenye usukani, nikapiga stata mara moja, likawaka.

Basi nikaelewa. Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na mfuniko una kitundu chake cha kupumulia. Kitundu kilikuwa kimezibwa. Injini ilikuwa inakufa kwa kiu na tangi limejaa.

Na aliyekiziba ni Salimu. Siku chache kabla ya ugonjwa wake wa mwisho kumlaza kitandani, alikata kipande cha mpira wa tairi akakibandika ndani ya mfuniko, vumbi la Kariandusi lisiingie kwenye petroli. Ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mikono yake. Nilikipenda kile kipande kuliko pete yangu. Kwenye kituo cha petroli sikumruhusu mtu akiguse, na hata kwa Mohinder niliufungua mfuniko mwenyewe, nikakaa nao mapajani muda wote aliokuwa akilijaribu gari. Ndiyo maana pale lilinguruma vizuri.

Nikatoa kisu nikate ule mpira, kisha nikakishusha. "Mama, siwezi. Kipande hiki ni chake."

"Najua ni chake. Alikikata kibarazani kwangu," akasema Bi Zuhura. "Mimi ndiye niliyemzaa. Alikata mpira huo ili mle, wewe na watoto. Angeuona leo unawanyima, angeung'oa kwa meno. Eda ya mume umeimaliza. Eda ya mpira utaimaliza lini? Kata!"

Nikakata. Nililia kwa sauti nikikata, wala sioni haya kusema. Nikazibua kitundu kwa pini ya mtandio, na juu ya mfuniko nikafunga kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi na kupitisha hewa. Tukaondoka, na gari halikukohoa tena. Tukapita Lanet, tukapita mtaa wa Free Area, mpaka mjini. Adhana ya alasiri ilitukuta tunateremsha magunia. Hamisi akalizunguka gari, akainama huku, akainama kule, akasema tu, "Shemeji, leo limekusikia." Mnunuzi hakuletwa, na pikapu ile iliwasomesha wanangu wote.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Jambo likikushinda, usikimbilie mkosi, wala usiwaache watu wakwambie umekataliwa. Kila mlango na ufunguo wake. Yatenganishe mambo, ujaribu moja baada ya jingine, mpaka ujue lipi linaponya na lipi linaua. Na ukikuta kilichoziba ni kazi ya mtu uliyempenda, kiondoe, hata kama unalia. Wazee wetu walifunga walichofunga kwa mapenzi, lakini hawakuiona njia tunayopita sisi. Ukitaka kumheshimu aliyetangulia, yashike aliyokutakia. Hulazimiki kushika kila alichokigusa.

Nenda, mwanangu. Mola akujaalie macho ya kuona kasoro ilipo na mkono wa kuitengeneza, na siku utakapokata tamaa akuwekee karibu mtu mzima wa kukukaripia kwa mapenzi. Amin.