Udongo wa Chini ya Misonobari

Wifi yangu Lukresia hakuwa mchawi. Naanza na hilo kwa sababu pale Nkololo wapo wanaonong'ona hadi leo, na jina wanalolichafua ni la marehemu mume wangu, Mwalimu Selestini, aliyekuwa kaka yake.

Lukresia aliotesha miche ya misonobari na kuiuza. Kila alipojaza viriba, vile vifuko vya nailoni, alichanganya udongo aliouchota kwa karai chini ya misonobari mikongwe ya misheni. Udongo ule una kuvu, nyuzi nyeupe zinazoishika mizizi na kuusaidia mche kupata chakula. Bila hizo msonobari hudumaa. Shida ni kwamba misonobari ile imesimama makaburini.

Biashara ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji, jirani yetu Mhoja akafungua duka la pembejeo Bariadi mjini. Msimu uleule maneno yakaanza: yule mama anabeba udongo wa wafu. Sisemi nani aliyaanzisha. Nasema tu kwamba miaka yote ya nyuma hakuna aliyelitazama karai lake. Na kwetu, mwanamke mtu mzima akishaitwa mchawi, hulala akisikiliza mlango. Wapo ambao hawakuamka.

Siku moja nilipita kitaluni kwake nikakuta miche ya kijani kizito, imerefuka ovyo. Sikuipenda.

"Wifi, mbona imenona hivi?"

"Ni mvua tu."

"Mvua ipi? Bata wangu wanagombania beseni la vyombo!"

Hakucheka. Nikapasua kiriba kimoja. Mizizi ilikuwa mitupu, haina uzi hata mmoja. Nyuma ya kibanda nikaona magunia ya mbolea ya chumvichumvi.

"Mhoja kaniambia nikimwaga nyingi, sihitaji kwenda kule," akasema.

Nilifundisha baiolojia kabla sijastaafu. "Ukiushibisha mche hivi, unaacha kuilisha kuvu, na kuvu inaondoka. Ukipandwa shambani kusiko na mbolea utakufa."

"Najua, wifi. Mizizi nimeiona. Lakini mche ukifa ni mche. Nikifa mimi je?"

Jumapili, misa ilipokwisha na watu wangali wanasalimiana nje, nilichukua karai lake nililokuja nalo, nikaenda na kitenge changu cha kanisani hadi kwenye msonobari ulio karibu na kaburi la mume wangu. Nikachota. Mazungumzo yakakatika.

Mhoja alikuwa amesimama na baiskeli yake. "Mwangaluka, Mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Leo na wewe?"

"Na mimi. Njoo unitwishe."

Watu walikuwa wanatazama, hakuweza kukataa. Alinitwisha, kisha akafuta mikono kwenye suruali haraka, kama mtu anayeamini uongo wake mwenyewe.

Nikapita katikati yao polepole. Lukresia akatoka kwenye kundi la waumini, akatangulia mbele yangu, mikono mitupu, akiwasalimia mmoja mmoja kwa jina.