Waliposema "kanyaga", mimi nikatoa mguu

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Mimi huuza nyasi za ng'ombe na pickup yangu kuukuu ya four-wheel. Juzi nilipeleka mzigo kwa rafiki yangu Lemayian, ndani kabisa huko Kajiado. Hata sijamaliza kushusha, mkewe Naserian akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza, na mama mkwe wake akasema mtoto amekaa vibaya.

Hospitali ilikuwa lazima, na gari lililokuwepo lilikuwa langu tu. Naserian akaketi mbele nami, tukaondoka.

Kati yetu na lami kuna mto wa mchanga. Maji yalikuwa yamepita jana yake, mchanga ukabaki kama uji. Katikati nikakata kona kukwepa jiwe, gurudumu la mbele likazama.

Lemayian, aliyekuwa nyuma, akapiga bodi. "Kanyaga! Kanyaga, buda!"

Nikatoa mguu.

Wenye magari ya porini, mnisikize hapa. Usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, tairi lizunguke bure halafu lishike jiwe ghafla, joint ya shaft, ule mhimili unaozungusha gurudumu la mbele, hupasuka kama mfupa wa kuku. Nilishaisikia ikianza: tak, tak. Ingekatika, tusingetoka.

Lemayian akaruka chini, akaja dirishani. "Bibi yangu anaumia na wewe umekaa tu?"

Niliumia, wakuu. Niliogopa pia. Haraka haraka haina baraka ni rahisi kusema kama si mke wako.

"Toa tyre upepo kidogo," nikamwambia. "Zote nne."

"Upepo tena? Saa hii?" akafoka. Ni Naserian aliyemjibu, leso mdomoni.

"Lemayian, toa upepo. Leo kelele ni yangu, si yako."

Akatoa. Nikanyoosha usukani, nikaingiza gia nzito ya low, nikaacha gari litambae lenyewe. Likatoka polepole, kama mzee anayeinuka kitini.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, msichana. Wote wazima.

Lemayian akatoka wodini, akanipita hadi kwenye gari. Akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akaingiza mkono, akaishika ile shaft yenye matope.

"Ashe oleng," akaiambia, yaani asante sana kwa Kimaasai. Kisha akanigeukia. "Na wewe pia."

Basi wakuu, mkiingia mchangani: upepo upungue, usukani unyooke, mguu uwe mwepesi. Na kwenu, nani hupiga kelele za "kanyaga"?

Mlipomsikiza, mlifika?