Hodi ya Ghorofa ya Ishirini na Sita

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Mwanangu akichelewa nusu saa tu kurudi nyumbani, mimi nimeshamzika. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo aambiwe kwamba binti yake wa pekee, aliyezaliwa hapa hapa London, amepata kazi ya kufundisha watoto wadogo Kiingereza katika jiji kubwa la China, na tiketi ameshakata.

"China?" nilimwuliza. "Hapa Croydon hakuna watoto?"

Alicheka. Yeye Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana. Nilipoona simwezi, nikabaki na wosia mmoja, nikaurudia wiki nzima. Ukifika tu, siku ile ile, piga hodi kwa jirani. Jitambulishe, na usiende mikono mitupu. Kwetu Morogoro tulikuwa tukihamia nyumba, godoro halijashushwa kwenye gari, mama yangu ameshapeleka sahani ya vitumbua kulia na kushoto. Ukizidiwa, nilimwambia, mimi niko mbali, wa kukusikia ni jirani.

"Sawa, Mama," alijibu huku anakunja nguo. Hiyo sawa yake nikaiamini.

Akafika salama. Tukapanga awe ananipigia simu ya video saa saba mchana, wakati wa mapumziko yangu ya chakula wodini ninakofanya kazi. Kwake inakuwa saa mbili usiku. Kwa hiyo jiji lile nililifahamu kwa dakika ishirini ishirini, sahani ya wali mapajani, wenzangu wakinichungulia begani.

Alikuwa anaishi ghorofa ya ishirini na sita. Alielekeza simu dirishani nikaona majengo mengine marefu vile vile, nguo zimeanikwa mpaka juu kabisa, nikamwambia arudi nyuma asije akaanguka. Alinionyesha pikipiki za umeme. Hazina mlio hata kidogo, na zinapita mpaka pale wanapotembea watu.

"Sasa utajuaje kama inakuja?"

"Nageuka, Mama."

Jibu gani hilo! Lakini alinionyesha pia uwanja ulio chini ya nyumba zao, ambako kila jioni mabibi wanajipanga mistari na kucheza dansi, spika moja katikati, na hakuna anayemcheka mwenzake. Hilo nililipenda, sitasema uongo. Shuleni kwake, alisema, baada ya chakula cha mchana taa zinazimwa, walimu wanalaza vichwa mezani, na mkuu wa shule naye anasinzia kwake. Mgahawani ukiomba maji unaletewa ya moto. Barabarani watu walimkodolea macho, na mama mmoja alimshika msuko bila hata kuomba.

"Ukamfanyaje?"

"Nikamshika na mimi nywele zake."

Wodini tulicheka sana siku hiyo.  Ila kilichoninyima raha ni habari ya simu, maana kule kila kitu ni simu. Hata mama anayechoma viazi vitamu kando ya barabara amebandika kimchoro cha kuskani kwenye toroli lake, na ukimpa noti anabaki kukuangalia. Treni ni simu, chakula ni simu, mlango wa jengo ni simu.

"Na ikizima?" nilimwuliza.

"Naichaji."

"Na ukiwa huwezi kuichaji?"

"Mama, jamani, kula wali wako."

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, hakupiga. Nikapiga mimi. Haipatikani. Nikapiga tena nikiwa kwenye tramu, nikapiga tena mlangoni kabla sijavua viatu. Jumatano ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na tangu alfajiri nilikuwa nazunguka jikoni, simu mkononi, roho juu. Jiji lina mamilioni ya watu, nami sikuwa na namba ya hata mmoja wao. Mungu wangu, nilijilaumu!

Saa nne asubuhi akapokea. Sura yake nusura nisiitambue. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Homa na kutapika tangu juzi usiku, alisema, shuleni amewaambia ni mafua tu ili asiwasumbue. Simu ilikuwa imezima chini ya kitanda na ndiyo kwanza amepata nguvu ya kuiokota na kuichaji. Maji ya kunywa yamekwisha. Nimehudumia wagonjwa miaka mingi, najua mtu aliyeishiwa maji mwilini anavyofanana.

"Kagonge kwa jirani. Sasa hivi."

"Jirani gani?"

"Yule uliyejitambulisha kwake ulipofika!"

Akageuza uso ukutani.

"Ina maana hukwenda?"

"Mama, hapa watu hawagongeani milango."

Hapo nikapandisha. Badala ya kumwonea huruma mtoto wa watu, nikafoka: mimi nilikuambiaje, mimi ndivyo nilivyokulea? Alifumba macho akaniacha nimalize. Kisha akajibu kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu huongea Kiswahili akiwa hana tena nguvu za kubishana.

"Mama, sisi tumekaa hapo miaka kumi na tisa. Jirani tulimgongea lini?"

 Ni kweli tupu. Nilipohamia nilisema nimechoka na shifti, nitakwenda kesho. Baadaye nikasema wenyewe hawapendi kusumbuliwa. Baadaye ikawa ni aibu kwenda, nimechelewa mno.

"Nisamehe, mama," nilimwambia. "Nenda hivyo hivyo. Usikate simu, niko na wewe."

Niliona sakafu, nikaona soksi zake zikiburuzika, nikaona ukuta wa korido ukipita polepole. Mlango umebandikwa karatasi nyekundu. Akagonga. Hakuna mtu. "Gonga tena, mwanangu, gonga kwa nguvu." Akagonga tena, na mlango ukafunguka.

Alitokea bibi mfupi, amevaa pajama za maua. Hakuuliza kitu. Alimwekea mwanangu kiganja kwenye paji la uso, akapaza sauti kuita ndani, na mzee akatoka mbio huku anavaa koti. Mimi huku Croydon nilikuwa nimesimama katikati ya jikoni nikipiga kelele: "Shikamoo, bibi! Shikamoo! Asante!" Sijui alidhani ni nani anayelia ndani ya simu.

Walimpeleka hospitali kwa teksi, bibi amekumbatia chupa ya maji ya moto, akimnywesha funda moja moja njia nzima. Saa mbili baadaye mwanangu alikuwa kwenye dripu. Bibi akaishika simu, akaiweka karibu kabisa na uso wake, akaongea nami kwa muda mrefu. Sikuambulia neno. Nililia tu, naye akawa anatikisa kichwa na kuendelea kuongea.

Mwanangu alipona. Jumamosi ile aliponionyesha anakula uji wa mchele wa yule bibi, nilikwenda jikoni nikakaanga sambusa. Nikazipanga kwenye sahani yangu nzuri, nikavaa kitenge, nikatoka.

Kutoka mlango wangu hadi mlango wa pili ni hatua sita. Miaka yote hiyo nimekisikia kikohozi cha mama anayeishi humo kupitia ukutani, najua vipindi vyake vya redio, najua siku anazofua. Nilisimama pale, nikataka kurudi, nikajikaza, nikagonga.

Mnyororo ukalia. Mama wa Kizungu, nywele zote nyeupe, akachungulia. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akautoa mnyororo na kuufungua mlango wote.

"Oh, karibu sana mtaani kwetu," alisema huku anatabasamu. "Umehamia lini?"