Gobore la Babu na Mjane Tuliyemcheka

Mwezi uliopita nilishuka basi pale Miteja, nikaingia kwa muuza kahawa kungoja jua lipungue kabla sijaenda kuzuru makaburi. Vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja. Ndani ya simu mtu mwenye sauti nzito alikuwa akieleza bunduki ipi inafaa kulindia shamba, na namna ya kuifufua ya zamani iliyolala miaka mingi. Tembo wamewachosha watu kule. Mtu analima mwaka mzima, akiamka asubuhi anakuta uwanja.

"Shikamoo mama," kijana mmoja aliniambia. "Hebu msikilize huyu. Si anajua huyu?"

Niliitikia marahaba, kisha nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza kama huyo bwana amewahi kuishika hiyo bunduki yao. Wakacheka wote. Sikuwalaumu. Niliwahi kucheka hivyo hivyo mimi, nikiwa na miaka kumi, na nawe rafiki yangu, ambaye hujapata kunisikia nikiitaja habari hii, leo acha nikueleze.

Shamba letu lilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka kijijini. Mahindi yakianza kubeba tulihamia huko: baba, mama, bibi mzaa baba, mimi na mdogo wangu aliyekuwa ananyonya. Kibanda chetu kilinuka moshi na nyasi mbichi. Mchana tulipanda dungu, ulingo wa miti mirefu ambao ukiwa juu yake unaliona shamba lote, na kazi yangu ilikuwa kupiga debe kuwafukuza nyani. Miaka mizuri nilikuwa naipenda kazi hiyo kuliko shule. Mama alituletea mbaazi za nazi, na kisamvu alichokitwanga mpaka kikalainika kama losheni, na bibi alikuwa na kibuyu chake cha togwa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa mimi.

Mwaka ule haukuwa mwaka mzuri. Msimu uliotangulia mvua zilikatika mapema, ghala likawa tupu kabisa. Tulikuwa tumeshakula ming'oko, ile mizizi ya porini, wiki baada ya wiki. Bibi aliichimba kutwa, akaichemsha kwa chumvi, na nikitafuna nilihisi ladha ya udongo mpaka kooni. Maziwa ya mama yalipungua. Mdogo wangu alilia hadi sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo tu bila mlio. Tulichokuwa nacho duniani ni mahindi yale, na yalikuwa yamebakiza kama wiki tatu yakomae.

Ndipo nyani walipotuzoea. Mwanzo walilikimbia debe. Baadaye walisogea hatua chache, wakakaa, wakanitazama. Wanajua mtoto na mwanamke hawana la kuwafanya. Dume lao moja lilikuwa linavunja mhindi, linauma mara moja, linautupa, linavunja mwingine. Baba akikimbilia upande huu, wengine wanaingia upande ule. Siku moja nilimwona mama amesimama katikati ya mabua yaliyolala, ameshika gunzi lililoliwa nusu, analia bila kujifuta.

"Baba fulani," alisema jioni ile, kama alivyomwita baba alipokuwa hana nguvu ya kutaja jina la mtoto, "haya nayo yakiisha, huyu mdogo hafiki Ramadhani."

Kesho yake baba alikwenda kijijini, akarudi na gobore la babu. Ni bunduki ile ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Babu aliliacha limeviringishwa magunia juu ya dari ya jiko, na tangu afe halikuwahi kuteremshwa. Halikuwa na karatasi yoyote. Mama alisema apelekewe habari bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, aje yeye na bunduki ya serikali. Baba alisema bwana nyama akiliona atalichukua, na yeye mwenyewe atakuja mahindi yakiwa yamekwisha. Huenda alikuwa sahihi. Sikupata kujua.

Watu wawili ndio waliolitazama gobore lile kabla ya siku yenyewe.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa shamba la bondeni. Huyo ndiye tuliyeamini anajua bunduki kuliko mtu yeyote Miteja. Alikuwa amefanya kazi miaka kwenye kambi za wawindaji, na jioni alitusimulia habari za nyati na simba mpaka watoto tukasahau njaa. Alizijua bunduki za wageni kwa majina. Alilipokea gobore kwa mkono mmoja, akaliinua begani, akafumba jicho, akasema, "Aah! Kitu cha wazee hiki! Hiki hakifi. Kipake mafuta tu, baruti nitakuwekea mwenyewe. Kesho kutwa nyani hawa utawasikia wamehamia Somanga." Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi uandame.

Wa pili alikuwa mjane mmoja aliyeishi njiani kuelekea kisimani. Marehemu mumewe alikuwa mwindaji, na yeye ndiye aliyekuwa akimshindilia baruti miaka yao yote. Ila alikuwa mwanamke mkimya, tena mwenye kovu shingoni, na sisi watoto tulimwogopa. Baba alipita kwake kuomba mafuta ya kulipaka gobore, akaliacha pale akaenda kuswali. Mimi nilibaki kulilinda, kisha nimpelekee shambani.

Mjane hakuliinua begani. Alilikalisha mapajani kama mtu anayempakata mgonjwa. Akaniuliza lililala wapi, na je, paa la jiko lile lilikuwa linavuja? Nikamwambia linavuja. Akachukua unyasi akauingiza kwenye mtutu, akautoa, akaunusa. Akaugeuza mtutu juani, akapitisha ukucha wake taratibu sehemu ya chini karibu na kitako. Akarudia. Akanishika kidole changu akakipitisha pale pale, nikahisi kitu kama unywele.

"Umesikia hapo?" aliniuliza. "Mtutu una ufa. Mume wangu lake lilianza hivi hivi, na lilipopasuka likaniachia kovu hili ulionalo, maana nilikuwa nimesimama karibu. Mwambie baba asiweke baruti humu. Hata kidogo. Mwambie mimi nimesema."

Alinipa mafuta, na ukoko wa wali umefungwa kwenye jani. Nilikula ule ukoko njiani peke yangu, sikumbakizia mtu.

Nilipofika dunguni, jirani alikuwa ameketi na baba. Nikasema kama nilivyoagizwa, kwamba mtutu una ufa, kwamba asiweke baruti hata kidogo. Jirani alipiga kofi paja lake.

"Mwanamke naye siku hizi fundi wa bunduki?" alisema. "Huyo tangu mumewe afe anaogopa hata mlango ukigonga."

Akaigiza namna mjane anavyotembea, ameinamisha shingo upande. Nami, rafiki yangu, nilicheka. Nilicheka kwa sauti. Baba akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Kweli kasema una ufa?"

Ningeweza kusema, baba, nimeugusa kwa kidole changu. Nilimtazama jirani, aliyekuwa bado ameinamisha shingo, na mimi bado nina kicheko. Nikasema, "Labda anaogopa tu."

Asubuhi iliyofuata nyani walishuka jua likiwa limeshapanda. Jirani alishindilia baruti, akamkabidhi baba, akarudi nyuma hatua nyingi. Zile hatua nilizihesabu baadaye, kichwani mwangu, miaka na miaka. Mimi nilikuwa chini ya dungu, na mama alikuwa mlangoni mwa kibanda na mtoto mgongoni. Baba alisema bismillahi.

Mlio haukuwa wa bunduki. Ulikuwa kama mti mkubwa umepasuliwa. Moshi ulipoinuka baba alikuwa amepiga magoti, anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayeutafuta. Mtutu ulikuwa umefunuka kama ganda la ndizi. Mama alipiga ukelele mmoja, akavua kanga akaanza kuufunga mkono. Jirani alikuwa anarudia, "Nimefanya nini, nimefanya nini," mpaka bibi akamfokea alete kitanda.

Wanaume wanne walimbeba baba kwa kitanda cha kamba hadi barabara kuu, lori la mkaa likamchukua hadi hospitali pamoja na mama na mtoto. Mimi na bibi tulibaki. Alasiri ile ile nyani walirudi. Nilipanda dungu nikapiga debe, nikapiga mpaka mikono ikatoka malengelenge, wakaingia hivyo hivyo, wakala mbele yangu. Kwa siku tatu walilimaliza shamba.

Baba alirudi bila mkono wa kulia na bila jicho moja. Mdogo wangu hakurudi. Mama alimzika huko huko, homa ilimchukua wodini, mwili haukuwa na cha kupigania.

Jirani alikuja kila siku kwa miezi. Kwanza aliwaambia watu baba alikosea kulishika. Kisha siku moja alikuja na sufuria la uji wa mtama, uji mzuri kuliko wote niliowahi kunywa, akakaa chini akaungama mbele ya mama. Kule kwenye kambi alikuwa mpishi. "Bunduki nilikuwa naziona zikipita mlangoni mwa jiko," alisema, huku machozi yanamtiririka. Hakuwa mtu mbaya. Mpaka leo nashindwa kumchukia.

Baba hakukubali kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu. Akaacha kukaa kwenye sinia na wenzake, akaacha kwenda shughulini. Mimi ndiye niliyemlisha, tonge kwa tonge, mpaka nilipoolewa.

Sasa shamba lile limekuwa kichaka, huwezi kusema dungu lilikuwa wapi. Bibi hayupo, mama hayupo. Jirani alihamia Mitwero kwa mwanawe akafia huko. Mjane nilimwendea nikiwa msichana mkubwa kumwomba radhi, nikakuta nyumba imeanguka na mpapai umeota jikoni.

Baba nilimwambia alipokuwa anaumwa maradhi yake ya mwisho. Nilimwambia yote: ule unywele chini ya kidole changu, kicheko, na kwamba nilisema labda anaogopa tu. Aliliinua jicho lake moja kutazama paa.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza, mwanangu," alisema. "Na nilijua yule mama hasemi ovyo. Lakini yeye aliniambia nisipige, hakuniambia tutakula nini. Yule mwingine aliniambia tutakula."